Bega la Ukuta wa Ghala

Mtani,

Ukuta wa ghala la mizigo umevunjwa. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika: jambo zito kwanza, maelezo baadaye. Ungekuwa hai ungelijua kabla yangu, maana gesti yako inatazamana na stesheni ya Tabora na hakuna gunia lililowahi kushushwa pale bila wewe kuuliza ni la nani. Sasa dirisha lako lina pazia, na kazi ya kuleta habari imeniangukia mimi.

Jengo kubwa halikuguswa. Lile la ghorofa, lenye paa la mteremko mkali, liko vilevile. Limepakwa rangi upya na watu wanapiga picha za harusi mbele yake. Kilichokwenda ni ghala la ubavuni, ambalo hakuna bibi harusi aliyewahi kulitazama, na pamoja nalo limekwenda bega lako. Limebaki jiwe moja. Liko kwangu mtaani Isevya, karibu na mlango, nimelifunika kwa gunia ili watoto wa jirani wasijikwae. Nitakueleza nililipataje. Nitakueleza yote kwa mpangilio, halafu utanitukana kwa mpangilio wako.

Kwanza maziko.

Neema alinipigia simu nikiwa safarini Dar es Salaam. "Mjomba, mama ametutoka." Binti yako hakulia, alisema hivyo tu, kisha akanitajia siku ya kuzika. Basi lingeniwahisha. Nilipanda treni kwa sababu niliona si vizuri kwenda kumzika mtu wa stesheni kwa basi, na huo ndio uamuzi pekee wa hisia nilioufanya mwaka ule. Mvua ilikuwa imepitisha maji juu ya reli. Tulikaa porini tukingoja mafundi, abiria wakawasha majiko kando ya mabehewa, mama mmoja akatugawia mihogo ya kuchemsha. Nilipofika Ntalikwa watu walikuwa wamekwisha nawa mikono. Kwaya ilikuwa inakunja majoho. Udongo wako ulikuwa bado mbichi, lakini ulikuwa umeshafunikwa.

Unajua maana yake. Mnyamwezi hazikwi hivihivi, kana kwamba hana mtani. Kazi yangu ilikuwa kushuka kaburini kabla yako, nilale humo na kukataa kutoka mpaka nipewe changu. Nilipaswa kuwaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mlafi, mchoyo wa asali, na kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, akaitwa Nyanzala kwa sababu hiyo, na tangu hapo hakushiba. Waliokuwa wakilia wangecheka. Ndiyo maana mtani yupo. Shemeji zako walihangaika wakampata Mzigua mmoja muuza mitumba. Naye ni mtani wenu, wakadhani atafaa. Neema anasema aliona haya, akasema maneno mawili, akaomba soda.

Kwa hiyo wewe, uliyewatukana Wazaramo wote waliopata kushuka treni Tabora, ulizikwa na watu wenye adabu. Nasikitika. Silisemi neno hilo mara kwa mara, unanijua.

Siku yangu ya kwanza Tabora unaikumbuka vizuri kuliko mimi, kwa sababu uliisimulia kila nilipoleta mgeni. Nilikuwa nimeletwa kuwa mwandishi wa mkoa. Nilishuka na sanduku, jua likiwa kali, nikavuka kuelekea kwenye baraza yako. Uliniuliza kabila kabla ya jina. Nilipojibu, ulipiga kigelegele mpaka wauza karanga wakageuka.

"Njooni muone! Mzaramo amebeba mzigo mwenyewe! Jamani, dunia imekwisha!"

Nikakwambia nimebeba mwenyewe kwa sababu mpagazi wangu ndiye anayenipigia kelele barazani. Ulinitazama toka viatuni mpaka kichwani, ukasema, "Huyu ataishi." Kisha ukanipa chumba cha karibu na tangi la maji, chenye mbu wote wa wilaya, na asubuhi ukanituma nikuletee mkate kama mtoto wako.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe mpaka pwani, babu zangu waliwapokea huko, wakapigana, wakachokana, wakaona kutukanana ni nafuu kuliko kuuana. Sisi tulirithi matusi. "Sisi tulitembea," ulikuwa ukisema. "Nyinyi mlikaa kivulini mkitungoja, mkitwanga muhogo na kucheza ngoma." Nami nilikujibu kwamba mtu mwenye akili hatembei miezi mitatu kupeleka kitu ambacho si chake.

Ulinifundisha kulisoma jengo la stesheni kwa milango yake. Jioni, treni ya kwenda Kigoma ikishaondoka na watu wakipungua, ulivuka barabara na kanga zako mbili na kunizungusha. Mlango wa tao ni wa Mjerumani. Mlango wa mraba ni wa Mwingereza, aliyekuja akazibua kuta ili kila daraja la abiria lipate pa kuingilia pake, asije mtu wa mbele akagusana na mtu wa nyuma. Geti la chuma lenye kufuli ni letu wenyewe, baada ya Uhuru. "Kila mwenye jengo alikuwa na woga wake," ulisema. "Mjerumani aliogopa vita, tazama unene wa kuta. Mwingereza aliogopa kuchanganyika. Sisi tunaogopa wezi." Kuhusu paa ulikuwa na maneno yako: "Limeinama hivyo ili theluji iteleze. Mwenzetu alibeba mpaka theluji yake, akasahau kuifungua."

Niliandika makala moja kutokana na matembezi yale, ukalalamika kwamba nimeyaacha yaliyo bora. Niliyaacha kwa sababu hayakuwa kweli. Ulisema kuna handaki kutoka chini ya ngazi mpaka bomani. Niliingia chini ya ngazi na tochi, mimi na mkuu wa stesheni, tukakuta stoo ya taa mbovu na popo. Ulisema kengele ya zamani ililetwa kutoka misheni. Kengele ile ni kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya, nilikigonga mwenyewe. Ulisema fundi aliyechonga ngazi alikufa siku alipoimaliza, na ukanitajia mtaa aliokaa. Nilikwenda. Wajukuu zake waliniambia alikufa mzee sana, kwa homa, akiwa na wake wawili. Nilipokuletea majibu hayo ulicheka, ukasema, "Mzaramo, wewe ukipewa asali unatafuta nyuki."

Halafu likaja bega.

Ukuta wa nje wa ghala ulikuwa na uvimbe mrefu, unaokwenda sambamba na ardhi, karibu urefu wote wa jengo. Lipu ilikuwa imeufunika na kuulainisha. Mimi nilikuwa nimeupita mara nyingi nikidhani ni kazi mbaya ya fundi. Ulinisimamisha pale ukauwekea mkono kama mtu anayemgusa ng'ombe wake.

Ulisema ndani ya lipu kuna rafu ya mawe, na kwamba rafu ile ni bega. Mpagazi aliyebeba begani hawezi kuutua mzigo chini na kuuinua tena peke yake. Mgongo wake hautamruhusu. Njiani walikuwa wakiuegemeza kwenye panda ya mti, wanapumzika wakiwa wima, kisha wanausogelea na kuendelea. Reli ilipofika Tabora ilisimama hapa kwa muda kabla ya kuendelea magharibi. Misafara kutoka maziwani haikwenda tena Bagamoyo. Iliishia kwenye ukuta ule. Na waliojenga ukuta ule walikuwa wapagazi wa jana. Babu yako alikuwa mmoja wao: alibeba pembe, halafu akabebeshwa mawe ya stesheni. Wakajenga pa kutulia mzigo, kwa kimo chao, bila kumuuliza mtu.

"Watu wanasema njia yetu iliishia baharini," ulisema. "Iliishia hapa. Hili ndilo bega la mwisho. Andika."

Niliuliza nani mwingine anajua.

"Mimi."

"Mdomo wa pili?"

"Wa pili ameliwa na mchwa, mtani. Nani atakuwa hai? Andika wa kwanza."

Sikuandika, maana habari ya mdomo mmoja siichapi. Nilikwenda kutafuta. Mtu mmoja anayehifadhi nakala za michoro ya majengo ya reli alinionyesha mchoro wa ghala. Ukuta ulikuwa mtupu, mstari ulionyooka, hauna rafu wala uvimbe. Nilipokwambia ulikasirika kwa kweli, mara ya kwanza tangu tujuane. Ulimwita mpishi wako akuletee gunia la karanga, ukalipandisha begani, mama mzima mwenye wajukuu, ukavuka barabara nalo. Watu walisimama kutazama. Ulijisogeza kando ya ukuta, gunia likaja sawasawa na uvimbe ule. Hukuinama.

"Haya, tazama bega langu linapofika!"

Nikakujibu kwamba una kimo cha watu wengi, na kwamba ukuta mrefu ukisimama na mtu mfupi lazima utagusana naye mahali. Mkuu wa stesheni alicheka. Wewe hukucheka. Ulilirudisha gunia mwenyewe, na siku mbili hukunitukana. Hapo nilijua nimekuumiza.

Ulipolazwa, jambo hilo ndilo uliloniuliza. Hukuuliza watu wanasemaje, wala nani analipia umeme wa gesti. Ulisema, "Mtani, bega langu umeliandika?" Nikasema bado. Ukasema, "Liandike nikiwa na macho." Nikakwambia nipe mdomo wa pili. Neema alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, lakini wewe ulitabasamu, ukageukia ukutani. Ukasema neno la Kinyamwezi ambalo Neema alikataa kunitafsiria.

Ningeweza kuandika? Hapana. Hata leo, ukirudi ukanishika mkono, ningekwambia hapana. Ulinipa handaki, kengele na fundi aliyekufa ngazini, vyote havikuwepo. Sikuwa na njia ya kujua kwamba safari hii ulikuwa unasema kweli. Najua hivyo. Bado nasikitika.

Sasa sikiliza.

Baada ya arobaini yako ukarabati ulianza. Stesheni mpya ya treni ya umeme inajengwa, wahandisi wamejaa gesti yako, Neema ameongeza vyumba na anauza chapati ambazo wewe ungezikataa. Wakati huohuo mkandarasi mwingine alipewa kazi ya kuyafufua majengo ya zamani. Msimamizi wake hapa ni Msukuma wa Igunga anayeitwa Masanja, mtu mwenye tumbo na sauti, aliyekuwa amepanga chumba changu cha zamani cha mbu. Alijua habari za bega kutoka kwa Neema. Asubuhi moja akanipigia.

"Mzee Kondo, mwangaluka. Njoo uone. Ukuta wako una mbavu."

Nilikwenda. Walikuwa wamebandua lipu. Mtani, ilikuwepo. Safu ya mawe imetoka ukutani, imejazwa juu kwa matofali ya baadaye ili uso uwe sawa. Masanja aliyatoa matofali kwa mikono. Ukingo wa juu wa mawe ulikuwa umelika, umeingia ndani kwa mabonde laini, kama kizingiti cha mlango kinavyolika kwa miguu. Kamba na mbao za mizigo ndizo zilizoyala. Nikamuuliza kama rafu ingeweza kubandikwa baadaye. Alikwangua chokaa kati ya mawe, akakwangua ya ukuta, akaviweka viganja viwili mbele yangu. Mchanga mmoja, rangi moja. "Huyu aliingia na ukuta, Mzee. Hakubandikwa."

Mchoro ulikuwa mtupu kwa sababu aliyechora hakubeba.

Halafu Masanja akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Alipandisha mfuko wa saruji begani, akajisogeza, akauacha ukae juu ya mawe. Alisimama pale mikono mitupu, mfuko ukiwa umetulia pembeni ya shingo yake, akavuta pumzi. "Huu ukuta," akasema, "ulijengwa na mtu aliyewahi kuchoka."

Nilikuwa nao mdomo wa pili. Ulikuwa ndani ya lipu siku zote, kimo kilekile ulichokionyesha na gunia la karanga. Niligeuka kutafuta mtu wa kunitukana na hapakuwa na mtu.

Chini ya kila bonde palikuwa na alama iliyochongwa: duara, msalaba, mshale, kitu kama samaki. Nadhani kila kundi la wapagazi lilikuwa na sehemu yake ya kutulia, na alama ni ya kundi. Nilipoandika niliweka "huenda", kwa sababu hilo sina uhakika nalo. Mengine yote niliyaandika bila "huenda". Jina lako liko aya ya pili: Nyanzala, aliyesema hivi kwa miaka mingi na hakuaminiwa. Nilieleza panda za miti, mchoro mtupu, chokaa. Nilisema wazi kwamba ukuta ule si wa kubomoa, na kwamba mkandarasi alikuwa amepanga kutoboa mlango mpana hapo. Nilitaka mpango ubadilike, na ulibadilika. Watu wa ofisi walikuja, wakatazama, wakakubali mlango uhamie upande mwingine. Tulishinda, mtani. Ushindi wetu ulikaa chini ya wiki mbili.

Kichwa cha habari hawakuniuliza. Chumba cha habari huko Dar kiliandika kwamba alama za ajabu zimegunduliwa kwenye jengo la Mjerumani. Na katika picha zote nilizotuma, walichagua ya mshale, wakaikuza.

Wewe umeshaelewa. Mtu wetu akiona jengo la Mjerumani haoni jengo, anaona kifuniko. Chini yake kuna mali. Mjerumani aliondoka kwa haraka, akafukia, akaacha alama ili watoto wake waje kuchukua. Kila mkoa nchini una jiwe lililopasuliwa kwa ajili ya hadithi hiyo. Nami nilikuwa nimewapa alama, picha na mahali.

Simu ya kwanza ilitoka Nzega.

"Shikamoo, Mzee. Ule mshale, kichwa chake kinaelekea bomani au kinaelekea Kigoma?"

"Marahaba. Hauelekei popote, kijana. Ni alama ya wapagazi."

"Sawa, Mzee, nimekuelewa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeelewa kitu kingine kabisa.

Mwingine alikuwa Igunga, ana mashine ya kupimia, akaniambia tugawane nusu kwa nusu na yeye ndiye atakayempata mganga. Mama mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alinisimamisha sokoni akanong'ona kwamba marehemu mume wake aliota samaki yuleyule. Niliandika habari ya pili. Niliandika kwa lugha nyepesi kuliko zote nilizowahi kuandika: hakuna dhahabu, hakuna zebaki, alama ni za wabeba mizigo. Siku ilipotoka nilimsikia fundi baiskeli akimsomea mwenzake kwa sauti, kisha akakunja gazeti. "Wakisema hakuna," akasema, "ujue ipo. Wanataka wachukue wenyewe."

Masanja ndiye aliyenipigia tena, asubuhi. Safari hii hakusalimu kwa Kisukuma.

Wasaka mali walikuwa wamekuja usiku. Mawe yalikuwa yamechomolewa kwa mtaimbo na kupasuliwa moja moja, kwa sababu baadhi yao waliamini mali imefichwa ndani ya jiwe lenyewe. Chini ya ukuta palikuwa na mashimo. Msingi ulikuwa umebaki kwenye hewa, ukuta umelegea na kuegemea nje. Mhandisi alikuja, akatazama kwa mbali, akasema ghala lote litamwangukia mtu. Hakukosea. Mtambo wa kijiko ulifika baada ya chakula cha mchana. Kabla jua halijazama, pale palikuwa na kifusi na anga.

Masanja alisimama karibu nami. "Mzee," akasema, "wewe uliwachorea ramani." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepima urefu.

Nilirudi nyumbani nikasoma habari yangu upya, kama ninavyosoma habari ya mtu ninayetaka kumkosoa. Majina ni sahihi. Maelezo ya chokaa ni sahihi. "Huenda" iko mahali pake. Sikupata cha kusahihisha, na hilo ndilo linaloninyima raha. Miaka yote uliponiomba bila ushahidi nilikataa, na bega lilikaa salama ndani ya lipu yake. Nilipopata ushahidi niliandika vizuri, likavunjwa. Mambo kama haya ulikuwa unayamaliza kwa tusi moja. Mimi sina tusi hilo.

Kuhusu jiwe.

Wakati kijiko kinapakia kifusi, nililiona moja ambalo halikupasuka. Lina bonde lake, laini kama ndani ya kiganja. Halina alama, nadhani ndiyo maana waliliacha. Nilikwenda nikaliinua. Masanja akanipigia kelele mbele ya mafundi wake wote.

"Mzee! Kila kitu hapa kina mwenyewe! Weka chini!"

Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi ya mtu. Nilisimama na jiwe kifuani, nikasema, "Mimi ni Mzaramo."

Alinitazama. Msukuma na Mnyamwezi mbele ya Mzaramo ni mtu mmoja, na mali ya mtani haina polisi. Tumbo lilianza kumtikisika kwa kicheko kabla ya mdomo.

"Mwizi wa pwani," akasema. "Basi beba mwenyewe. Hapa hatuna mpagazi wa Mzaramo."

Nikabeba.

Sasa nakupa ahadi, na wewe unajua kwamba huwa naahidi mara chache. Nimezungumza na Neema. Kaburi lako liko kando ya njia ya kwenda mashambani Ntalikwa, na wakati wa mavuno akina mama hupita hapo na karanga na mahindi, wengine begani, wengine kichwani, wakiwa wamechoka. Masanja amekubali kujenga nguzo ya matofali kando yako, na jiwe litakaa juu yake. Anayepita na mzigo atasogea, atautua bila kuinama, atapumzika, atauchukua tena. Hatutaandika chochote juu yake. Hata jina hatutaweka, Neema amekubali. Jina lako liko kwenye msalaba na linatosha.

Neema aliniuliza nguzo iwe ya kimo gani. Alidhani sitajua. Nilimwambia, kwa kimo cha mama yake. Alitaka kujua nimekipimaje. Nikasimama wima mbele yake, nikaweka mkono chini kidogo ya kidevu changu. Hapo ndipo gunia la karanga lilipofika siku ile ulipovuka barabara. Nilikataa kuliandika, lakini nilikuwa nimeliona, mtani. Nililiona vizuri sana.

Tunakwenda Jumamosi. Nikifika nitafanya kazi yangu iliyochelewa. Nitalala juu ya udongo wako na viatu vyangu, nitawaambia ndugu zako kwamba ulikuwa mlafi na mwongo, kwamba hadithi zako zote za stesheni zilikuwa uongo isipokuwa moja, na sitanyanyuka mpaka Neema anilipe kwa sahani ya matobolwa, vile viazi vyako vya kukausha vinavyovunja meno ya watu wa pwani. Wacheke au wasicheke, nitasema yote.

Na sitaandika habari yake. Hakutakuwa na picha wala kichwa cha habari. Ukisikia imetoka gazetini, ujue si mimi.

Gari haliwezi kuingia mpaka pale. Njia ni nyembamba na mvua zimeiharibu. Masanja amesema atatafuta mkokoteni. Nimekataa. Kutoka barabarani mpaka kwako nitalipandisha jiwe begani, upande wa kulia, kama ulivyofanya wewe, na nitatembea.

Basi lala, mtani. Ila Jumamosi amka kidogo, uchungulie njiani. Utamwona Mzaramo amebeba mzigo mwenyewe.

Kondo